Motari wa Goma nataka kuzunguka Etna kwa piki: mwenye kuijua Sicilia anisaidie

Motari wa Ndosho, Goma

Jambo wote. Mimi ni motari hapa Goma, huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye piki. Nimebeba watu kutoka Ndosho hadi Birere, kutoka Majengo hadi Kituku, mvua na vumbi. Lakini sijawahi kuwasha piki kwa ajili ya kutembea tu. Safari zangu zote ni za mteja: yeye ndiye anayesema tunaenda wapi.

Sasa dada yangu mkubwa anaishi Catania, huko Sicilia, kisiwa cha Italia. Viza imetoka, nitapitia Kigali, nitakaa kwake wiki tatu mwezi wa 10. Aliponiuliza nataka kuona nini, nilimjibu papo hapo: nataka kukodi piki nizunguke mlima wenu wa moto, Etna, mzunguko mzima, mpaka nirudi nilipoanzia.

Niwaeleze sababu. Mwaka 2002 tulikuwa tunakaa Murara. Tarehe 17 mwezi wa kwanza Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikapita katikati ya mji ikaenda kuingia ziwani. Nyumba ya baba ilibaki chini. Baba alingoja jiwe lipoe, akajenga juu yake, na mawe ya ukuta aliyakata hapo hapo. Mwaka 2021 tulikimbia tena, mimi na watoto watatu kwenye piki moja kuelekea Sake, na lava ikasimama Buhene. Mlima nimeujua kwa kuukimbia. Dada ananiambia Catania nayo imejengwa kwa mawe meusi kama yetu, na watu wanalima zabibu juu ya lava. Nataka kuona wenzetu wanakaaje chini ya mlima wa namna hiyo, na nataka kuona nikiwa nimeshika gidoni mwenyewe, si kwenye dirisha la basi.

Permi yangu ya kuendesha, ya Kongo, itakubaliwa? Nimezoea TVS ya 125, huko nichukue piki gani? Dada anataka kukaa nyuma. Barabara zikoje? Na mlima ukianza kutapika nikiwa njiani, watu wa huko hufanya nini?

Dada wa Ognina, Catania

Kaka, karibu sana. Mimi ni wa Bukavu, Nguba, nina miaka 9 hapa Catania. Namtunza mama mmoja mzee, na kila asubuhi naenda kazini kwa skuta, kwa hiyo haya ninayokuandikia ni ya kila siku.

Nianze na karatasi, kwa sababu wengi wanakwama hapo. Permi ya Kongo peke yake haitoshi. Lazima uwe nayo pamoja na permi ya kimataifa, ama tafsiri rasmi ya Kiitaliano. Hiyo ya kimataifa itafute huko kabla hujatoka, huku hawakupi. Halafu ifungue permi yako uangalie vizuri: kuna kategoria A, ile ya piki? Najua motari wengi wa kwetu wanaoendesha kwa permi ya gari. Huku askari akikusimamisha, na zaidi sana ukianguka, bima itaanza kwa kuuliza hiyo herufi.

Kisha garanti. Usifikiri utaweka dola mezani upewe ufunguo. Wanataka kadi ya benki, ile ya mkopo, yenye jina la anayekodi, na wanafunga juu yake mamia ya euro mpaka piki irudi nzima. Dada yako apige simu sasa, asingoje ufike, aulize kama wanakubali kadi yake wakati dereva ni wewe. Wengine wanakubali, wengine hapana.

Kuhusu mji. Barabara nyingi za katikati ya Catania zimetandikwa mabamba ya jiwe la lava, yamesuguliwa na matairi miaka na miaka hadi yanang'aa. Yakiwa makavu, sawa. Mvua ikinyesha, hata yale manyunyu ya dakika tano, ni kama sabuni. Usishike freni ukiwa umelaza piki, usikate kona kwa haraka. Mimi nilianguka mwezi wangu wa pili hapa, mbele ya soko la samaki, nikaumia goti.

Mlima ukitapika? Kwanza ujue huku Etna ni mwanamke. Wenyeji wanasema tu "a Muntagna", Mlima, na wanamtaja kama mama wa nyumba. Lava yake inatembea taratibu, ni mabonge yanayojisukuma, mtu anaweza kuondoka kwa miguu. Si kama ile ya Nyiragongo ya 1977, iliyoshuka kama maji. Kinachotusumbua sisi wa piki ni majivu. Yanaanguka meusi kama punje za mchanga, na ukiyapita unateleza kama umekanyaga mtama uliomwagwa sakafuni. Mwezi wa 8 mwaka 2023 yalianguka mengi hadi mji ukakataza piki na baiskeli kwa saa 48, na magari yakalazimishwa kilomita 30 kwa saa. Siku kama hiyo unakaa nyumbani, unafagia baraza.

Piki gani? Kwa kuzunguka mlima na dada nyuma, skuta ya 300 inatosha. Haina vitesi vya kubadilisha, ina sehemu ya mizigo chini ya kiti. Kaske kichwani, wote wawili. Na ni abiria mmoja, kaka, mmoja tu.

Fundi wa Kadutu, Bukavu

Ndugu yangu wa Goma, mimi ni fundi wa piki, nataka kusema juu ya freni peke yake.

Sisi huku tunatumia freni ya mguu. Kwenye vumbi na changarawe ukibana ya mbele tairi linakimbia, kwa hiyo mkono umejifunza kuogopa. Piki zinazoletwa kwangu, plaketi za nyuma zimekwisha kabisa na za mbele bado mpya. Sasa huko utapewa chombo cha kilo 200, dada nyuma, mteremko wa kilomita 20 juu ya lami nzuri. Freni ya nyuma peke yake haitakusimamisha. Itapata moto, itakuwa laini mguuni, na utakuwa kwenye kona.

Fanya hivi: siku ya kwanza tafuta uwanja mtupu. Nenda kilomita 30 kwa saa, bana ya mbele polepole kwa vidole viwili ukiongeza nguvu, piki ikiwa imesimama wima. Rudia mara 20. Piki mpya za Ulaya zina mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge. Utausikia unagonga kidogo mkononi, usishtuke, usiachie. Na kwenye kushuka, vitesi vya chini, mashine ikuzuie yenyewe. Aliyeshuka Ngomo kwenda Uvira na mzigo anajua ninachosema. Kwa sababu hiyo mimi sikubaliani na dada yetu juu ya skuta. Skuta haikupi nafasi ya kuchagua vitesi kwenye mteremko. Chukua piki yenye embreyaji (klachi), kama ile uliyozoea, lakini isizidi 500.

Wa Kampemba, Lubumbashi

Habari za kwenu. Nilisoma Palermo miaka miwili na nilikuwa na piki ya zamani ya 400, nikakizunguka kisiwa kile karibu chote. Namuunga mkono fundi: piki ya 500, ndiyo.

Lakini baba, kuzunguka Etna peke yake ni siku moja. Ni kama kilomita 140. Ukiwa na siku nne, nenda milimani upande wa kaskazini. Ukifika Randazzo, kuna barabara namba 116 inayopanda hadi Floresta, mji ulio juu kuliko yote ya Sicilia, karibu mita 1,275, kisha inashuka hadi bahari pale Capo d'Orlando. Magari ni machache. Kona hazihesabiki. Ukigeuka nyuma, Etna imesimama peke yake mbinguni. Kuna nyingine, namba 289, kutoka Cesarò kwenda San Fratello, inapita katika msitu wa Nebrodi. Angalia nguruwe weusi wa huko, wanafugwa wazi na wanalala katikati ya lami palipo na jua.

Na ukienda upande wa Palermo, usipite Cerda bila kusimama. Kuanzia 1906 hadi 1977 kulikuwa na mashindano ya magari yaitwayo Targa Florio, kwenye barabara hizo hizo za vijijini, kati ya nyumba za watu. Majukwaa na vibanda vya mafundi bado vipo kando ya njia. Nilikaa pale jioni nzima.

Barabara za ndani usiziamini kwa ramani. Ukiona bango limeandikwa "frana", maana yake udongo umeporomoka, na mara nyingine nusu ya lami imeondoka nao. Hata ile barabara kubwa ya Palermo–Catania, daraja lake moja liliharibiwa na maporomoko mwaka 2015, na miaka mitano watu walizunguka. Kwako wewe wa Goma hilo si geni, lakini huko linakuja ghafla, baada ya kilomita kumi za lami safi.

Esansi: vituo vingi vinafunga mchana na Jumapili. Inabaki mashine, unaingiza noti kwanza, halafu unachagua pompi. Beba noti za euro 10 na 20. Lita ni karibu euro mbili, na ukijihudumia mwenyewe ni nafuu kuliko kuhudumiwa.

Mama wa Virunga, Goma

Mwanangu, nimesoma yote. Mimi 2002 nilipoteza duka na nyumba, na sikupata hata sufuria. Sielewi mtu anayelipa pesa kwenda kuangalia mlima wa moto wa watu wengine wakati wake anao dirishani. Lakini ukienda, niangalizie kitu kimoja. Je, wale watu waliwahi kuizuia? Au nao wanakimbia tu kama sisi?

Motari wa Ndosho, Goma

Mama, shikamoo. Swali lako nimelibeba, nitakuletea jibu. Wengine wote, asanteni sana. Permi ya kimataifa nimeanza kuifuatilia. Kategoria A ninayo. Dada amepiga simu sehemu tatu, moja imekubali.

Motari wa Ndosho, Goma

Nimerudi. Mwisho wa mwezi wa 10 sasa. Nilisema nitaandika, na nitaandika kwa urefu.

Nilichukua Honda ya 500. Siku ya kwanza nilifanya kama fundi alivyosema, kwenye parkingi ya duka kubwa siku ya Jumapili, dada amekaa kwenye ukingo ananihesabia. Mara ya sita ndipo mkono ulipoacha kuogopa. Asanteni, fundi. Bila zile mara 20, nisingeshuka salama kutoka Sapienza.

Sapienza ndiko lami inakofikia upande wa kusini, karibu mita 1,900. Kutoka Catania unapita Nicolosi, kisha ni kupanda. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo picha hazionyeshi. Goma yenyewe iko mita 1,500 juu, kwa hiyo Nyiragongo yetu yenye mita 3,470 tunaiona nusu tu ya urefu wake. Etna haiufikii urefu huo, ina zaidi ya 3,300, lakini inaanza kwenye maji ya bahari. Ukiwa ufukweni unaiona yote kwa jicho moja, kuanzia miguu hadi moshi. Nilipoiona kutoka uwanja wa ndege nilinyamaza hadi dada akaniuliza kama naumwa.

Baridi. Mjini tulikuwa na shati, juu vidole viliganda kwenye gidoni. Bebeni glavu.

Kando ya njia ya kushukia Zafferana kuna nyumba iliyofunikwa na lava. Limebaki paa tu, na kipande cha ukuta. Watu wanasimama, wanapiga picha, wanaendelea. Mimi nilizima piki. Dada naye alishuka, hakusema kitu. Nyumba ya baba ilikuwa hivyo hivyo, ila letu lilikuwa bati na moto ulilikunja. Nilitembea pembeni juu ya mawe na nikaukuta ule ukoga wa kijivu, mfupi, mgumu, unaoota kwanza juu ya lava iliyopoa. Huo huo wa njia ya Rutshuru, nyuma ya Kibumba. Nilichuchumaa nikaugusa. Kisha kwa mazoea nikatazama bondeni kama kuna ndege au panya waliokufa, kama tunavyofanya kwetu kwa kuogopa mazuku, ile gesi ya mlima inayotulia mabondeni na kuua. Dada alielewa ninatafuta nini. Amekaa huko miaka mingi, lakini naye alikuwa ametazama.

Sasa Mama wa Virunga, jibu lako liko hapo hapo Zafferana. Mwisho wa 1991 lava ilianza kushuka kuelekea mji ule. Walijenga ukuta wa udongo kwa matingatinga, ikaujaza ikapita. Mwaka 1992 wakapanda juu karibu na inakotokea, wakalipua kingo za mfereji wake kwa baruti, lava ikaacha njia yake ikafuata waliyoichimbia. Ilikuwa imekaribia nyumba za mji. Mji upo, nimekunywa kahawa ndani yake. Kwa hiyo ndiyo, Mama, waliwahi kuigeuza. Lakini ile ilikuwa lava inayotembea polepole, walipata miezi ya kupambana nayo. Ya kwetu ya 2002 ilifika mjini siku ile ile. Na hata wao si mara zote. Mascali ilimezwa mwaka 1928, wakaijenga upya karibu zaidi na bahari. Catania ilifikiwa 1669. Kuna ngome yao ya kale, Castello Ursino, iliyokuwa kando ya bahari. Lava iliizunguka ikaisukuma bahari mbali, sasa ngome iko katikati ya mitaa. Nilifikiria jinsi lava yetu ilivyoingia ziwani.

Siku ya tatu ndiyo mzunguko wenyewe. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kutoka Adrano unapanda hadi Bronte, mji wa pistashio, miti mifupi iliyopinda, inaota moja kwa moja kwenye nyufa za lava. Nilidhani nimeona vibaya, nikarudi nyuma mita 50. Hakuna udongo unaoonekana. Mzee mmoja alikuwa anapanga mawe ya ukuta wake, dada akanitafsiria. Akasema wanavuna mwaka mmoja, mwaka unaofuata mti unapumzika. Akauliza natoka wapi. Dada akamwambia natoka mji wenye mlima kama huu, na ziwa chini yake. Mzee aliuliza swali moja: lava yenu ina rangi gani ikizeeka? Nikasema nyeusi, kisha kijivu. Akaitikia kwa kichwa akaendelea kupanga mawe. Nilikaa namtazama anavyoyapanga: bila sementi, kubwa chini, ndogo zinabana, vile vile kama baba.

Randazzo ni mji mweusi kabisa, makanisa, milango, ngazi. Hakuna mji ulio karibu na kreta kuliko huo, kama kilomita 15. Mwaka 1981 lava ilipita kando yake ikakata barabara na reli. Hapo kwenye njia panda, kulia ni Linguaglossa na kurudi nyumbani, kushoto ni ile 116 ya Floresta. Nilisimama. Dada akanigonga begani: amua wewe. Miaka 14 nimesikia "peleka huku, geuka hapa, simama hapo". Nilikaa kama dakika moja na mashine inanguruma. Nikakata kushoto.

Wa Kampemba, ulisema kweli, na nguruwe wapo. Hatukufika baharini, juu ya Floresta ukungu ulishuka, retrovizeri, vile vioo vya kutazamia nyuma, zikawa nyeupe, nikageuza. Lakini kabla ya ukungu tulikuwa na kama nusu saa ya kona safi, Etna nyuma yetu. Tukarudi Randazzo, tukafuata mashamba ya zabibu hadi Linguaglossa, tukapita Sant'Alfio kuuona mti wa chestnut wa miaka maelfu, tukaingia Catania taa zimewaka. Kilomita 196 kwa siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha mjini. Kwenye mabamba karibu na kanisa kuu tairi la nyuma lilikwenda kushoto kiasi cha mkono mmoja. Sikugusa freni. Likarudi. Dada wa Ognina, hapo uliniokoa.

Gharama sitaziandika zote, kila mtu ana bei yake kulingana na msimu. Garanti walirudisha baada ya siku tisa, si siku ile ile, kwa hiyo dada yako au ndugu yako asiitegemee kadi hiyo kununulia chakula.

Fundi, nina swali kwako. Tangu nirudi mkono wangu wa kulia hauachi kubana freni ya mbele, na kwenye TVS yangu hakuna kinachotokea, inalia tu. Nibadilishe kebo au nianze na plaketi? Natoka kazini saa kumi na mbili jioni, naweza kukupigia.

Fundi wa Kadutu, Bukavu

Anza na kebo. Imekaa miaka bila kuvutwa, imeota kutu ndani. Itoe, ining'inize, tia mafuta juu mpaka yatokee chini. Ikigoma, nunua mpya. Plaketi zako za mbele, nina hakika, bado ni nzima.